Chumba cha uani nacho kipate mtandao

Tangu nyaya za faiba zilipoanza kuingia katika mitaa yetu, swali moja limekuwa likirudiwa katika nyumba nyingi za mjini, nalo halihusu bei ya kifurushi wala kampuni ipi iliyo bora. Swali lenyewe ni hili: mbona sebuleni intaneti inakwenda mbio, na huko uani mtoto anayejiandaa kwa mtihani hawezi kufungua hata ukurasa mmoja wa maswali ya mwaka uliopita? Baba humlaumu aliyeleta huduma. Mama humlaumu baba kwa kuchagua kifurushi cha bei ndogo. Aliye uani hamlaumu mtu. Hukusanya madaftari yake na simu yake akaja kukaa juu ya kizingiti cha mlango wa jikoni, hapo moshi unapopita, kwa kuwa ndipo mawimbi yanapoishia.

Safu yetu leo yapenda kulizungumza jambo hili kwa kirefu, maana fedha ya mfanyakazi hupotea ndani yake mara tatu. Kwanza huongezwa kifurushi, na hali ya uani ikabaki vile vile. Kisha hununuliwa kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kiitwacho ripita. Mwisho hununuliwa boksi la visanduku vitatu vyeupe vya kupendeza, ambavyo muuzaji huapa kwamba vitaifunika nyumba nzima bila kutoboa ukuta hata mmoja. Na baada ya gharama zote hizo mwanafunzi bado yuko kizingitini.

Sababu ni kuta. Tunaitaka hewa ifanye kazi ya waya mahali palipojengwa kwa matofali ya saruji, na hewa haiwezi.

Waifai ni redio. Tangu kiwango chake cha kwanza kilipochapishwa mwaka 1997 imeongezeka kasi mara nyingi sana, lakini bado ni redio ndogo yenye nguvu kidogo, inayosema na redio nyingine ndogo iliyo ndani ya simu yako. Njia zake kubwa ni mbili: ile ya gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na ile ya gigahezi 5, ambayo wimbi lake halifikii nusu ya urefu huo. Ya kwanza huvumilia kuta kidogo zaidi, walakini imejaa msongamano, kwani ruta ya jirani, spika za bluututhi na hata jiko la maikrowevu vyote vimo humo. Ya pili ni pana na ina kasi, ila ukuta huichosha upesi. Ruta mpya zaidi zinayo na ya tatu, ya gigahezi 6, ambayo huchoka mapema kuliko zote.

Ukuta huchosha kiasi gani? Wataalamu hupima upotevu huo kwa desibeli, na hesabu yake si ngumu: kila zinapopotea desibeli 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi. Ukuta wa tofali la saruji, kwa kadiri ya unene wake, unyevu wake na nondo zilizomo, si ajabu ukala desibeli 10 au zaidi. Fikiria basi nyumba yetu ya kawaida: sebule mbele, korido katikati, vyumba vya kulala huku na huku, jiko nyuma, halafu ua, halafu banda lenye vyumba viwili vya uani. Mawimbi yatokayo pembe ya sebule, palipowekwa ruta nyuma ya televisheni, yavuke ukuta wa sebule, ukuta wa chumba, ukuta wa jiko, kisha ukuta wa banda. Kuta nne, kila mmoja ukiacha sehemu moja ya kumi, zinaacha sehemu moja ya elfu kumi, na hapo hatujauhesabu umbali wenyewe. Likiwapo tangi la maji njiani, au kuta za banda zikiwa za bati, hesabu hufungwa papo hapo: maji hunywa mawimbi, na bati huyarudisha yalikotoka. Kioo kikubwa cha kabati la nguo hufanya kama bati, jambo ambalo wengi hawalidhanii, kwa sababu nyuma ya kioo pana utando mwembamba wa fedha au aluminiamu.

Nyumba nyingi za Marekani hujengwa kwa fremu za mbao na kuta nyepesi za jasi. Maneno yaliyoandikwa juu ya boksi, kwamba kisanduku kimoja hufunika mita za mraba kadha wa kadha, hayajui nyumba yako imejengwa kwa kitu gani.

Sasa lipo jambo ambalo wenye nyumba hawaambiwi, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Aliye uani akipata mawimbi hafifu, hasara si yake peke yake. Redio za waifai zilizo katika njia moja husema kwa zamu, kama watu mkutanoni: mmoja anaposema wengine hunyamaza. Simu iliyo karibu na ruta husema maneno yake haraka ikakaa chini. Simu iliyo mbali hulazimika kusema polepole, tena kwa kurudia rudia, ili isikike, na muda wote huo walio sebuleni wanangoja zamu. Ruta yaweza kusema na simu ya karibu kwa mamia ya megabiti kwa sekunde, na ya mbali kwa megabiti 6 tu. Ujumbe ni ule ule mmoja, lakini wa mbali hukalia hewa kwa muda ulio mara nyingi zaidi. Ndiyo maana jioni, watoto wa uani wanapofungua video ya somo, televisheni ya sebuleni nayo huanza kukwama, na baba husema, "Watoto wamemaliza bando." Bando lipo. Kilichomalizwa ni muda wa hewa, na si kwa kupenda kwao. Basi mwenye nyumba asemaye "hapa kwangu inafika, yatosha" anajipunja mwenyewe, maana unyonge wa chumba cha mwisho hulipwa na nyumba nzima.

Tuje kwenye hivyo visanduku vitatu. Mtandao wa namna hiyo huitwa meshi, yaani wavu: visanduku hushikana kama matundu ya wavu na kutumia jina moja, ili mtu atembee kutoka sebuleni hadi uani bila kuandika neno la siri upya. Wazo ni zuri. Mashaka huanza tunapouliza visanduku vyenyewe vinazungumzaje. Vikizungumza kwa hewa, kisanduku cha katikati hupokea ujumbe kwa redio, kisha huutuma tena kwa redio. Kikitumia redio ile ile kwa kazi zote mbili, kila ujumbe umekalia hewa mara mbili, na kasi hushuka karibu nusu. Akifuata wa tatu, hushuka tena. Vipo vya bei kubwa vyenye redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo yao, navyo vina nafuu ya kweli, lakini redio hiyo ya ziada nayo haina budi kuvuka kuta zile zile.

Wengi, tena, hukichukua kisanduku cha pili wakakiweka chumbani uani kwa hoja kwamba ndiko kusikofika mawimbi. Kisanduku hakizalishi intaneti. Hupokea kilichopo na kukipeleka mbele. Kikiwekwa mahali pasipo na kitu, kitagawa njaa. Simu ya uani itaonyesha vijiti vimejaa, kwa kuwa inakiona kisanduku kilicho karibu yake, na bado ukurasa haufunguki. Hapo ndipo muuza duka huitwa mwizi bila haki. Kisanduku cha hewani mahali pake ni nusu ya njia, penye mawimbi mazuri bado, wala si mwisho wa njia.

Sivilaani vifaa hivi. Katika fleti ya vyumba viwili, ruta moja iliyowekwa katikati ya nyumba, juu, mbali na friji na televisheni, hutosha, na haifai kununua kingine chochote. Hata katika nyumba kubwa, kabla ya kutoa shilingi, mwombe fundi wa faiba aufikishe waya wake kwenye korido badala ya kuuishia dirishani kwa sababu tu ndiko alikoingilia. Asilimia kubwa ya manung'uniko hukoma hapo. Walakini kwa nyumba yenye banda la uani, dawa ni kuvilisha visanduku hivyo kwa kebo. Kila kisanduku kikipata kebo yake kutoka kwenye ruta, huacha kuwa mpokezi wa kupokea na kurusha. Huwa kituo kamili cha waifai, ambacho kazi yake hewani ni moja tu, kusema na simu zilizo ndani ya chumba kile. Seti nyingi za meshi zina matundu ya kebo nyuma yake, na wenye nazo hawajapata kuyatazama.

Kebo yenyewe ina nyaya nane nyembamba, zilizosokotwa mbili mbili kuwa jozi nne. Kusokotwa huko si pambo. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1881 kwa ajili ya simu: kelele ya umeme itokayo nje huziingia nyaya zote mbili sawasawa, na mwisho wa safari hujifuta yenyewe. Itheneti, ambayo ndiyo lugha izungumzwayo ndani ya kebo hizi, ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, naye alijifunza kutokana na ALOHA, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii uliokuwa ukiunganisha visiwa. Waya ulijifunza kwa hewa. Ni haki leo hewa ikiuegemea waya.

Daraja liitwalo Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 hubeba hiyo hiyo kwa umbali ule ule, na yaweza kufika gigabiti 10 kwa mita 55 hivi. Kifurushi cha nyumbani cha megabiti 50 ni sehemu moja ya ishirini ya uwezo wa ile ya chini. Kwa hiyo Cat5e halisi yatosha, na mwenye kufukia kebo ndani ya ukuta atakaoupiga lipu na kuupaka rangi ana haki ya kuchagua Cat6, ili asibomoe tena.

Nimesema halisi, kwa sababu madukani kuna kebo ambazo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Huuzwa kwa jina lile lile. Ni nyepesi mkononi, hukatika upesi zikikunjwa, na hupoteza umeme mwingi njiani. Kabla ya kulipa, omba ukatiwe kipande, ukikwaruze kimoja cha vile viwaya kwa wembe. Kikibaki chekundu ndani, ni shaba. Kikitoka cheupe, kirudishe kwa adabu.

Sasa twende kwenye nyumba yetu ile ya mfano, na chukua karatasi na penseli, maana kazi hii hushindwa au hufaulu katika kuchora kabla ya kutoboa. Ruta ibaki sebuleni ilipoingilia faiba. Kebo ya kwanza ipite darini hadi katikati ya korido, mita 12, ikishia kwenye kituo kilichofungwa chini ya dari ili kivihudumie vyumba vya kulala na jiko. Kebo ya pili iende mpaka banda la uani, mita 28. Jumla ni mita 40. Ongeza 10 za kona na makosa, ni 50. Boksi zima la kebo lina mita 305. Maana yake boksi moja hutosha nyumba sita kama hii, na majirani sita wanaoaminiana wakichanga watapata kwa bei ya jumla kitu ambacho kila mmoja peke yake angekinunua kwa bei ya mita.

Kituo usikiweke ndani ya dari, chini ya bati. Joto la huko mchana litakiua. Panya nao hupenda kuguguna kebo, kwa hiyo ipitishe ndani ya bomba la plastiki. Fundi wa umeme atakushauri, kwa nia njema ya kupunguza kazi, kwamba kebo hii ipite katika bomba moja na nyaya za umeme. Mkatalie. Ni hatari kwa maisha, na tena umeme hupiga kelele ndani ya kebo. Ziache mbalimbali kwa sentimita 20 au 30, na zikilazimika kukutana zikate njia kwa msalaba badala ya kuandamana.

Anayejenga sasa hivi, au aliyefikia lenta na bado hajapiga lipu, ana bahati kuliko sote. Kwa gharama ndogo aweza kuweka bomba tupu kutoka darini hadi kila chumba, pamoja na banda, na kuacha kamba ndani yake. Kebo aweza kuinunua miaka mitatu baadaye, akaifunga kwenye kamba na kuivuta. Bomba hilo ni bora kuliko ruta yoyote iuzwayo leo, maana ruta itazeeka na bomba litabaki.

Kipande cha kutoka jikoni hadi banda kinahitaji hadhari ya peke yake, kwa kuwa kiko nje. Kebo ya shaba inayoning'inia uani kati ya majengo mawili ni njia ya radi. Wakazi wa Mwanza na Bukoba hawahitaji kuelezwa, lakini hata pwani masika huleta ngurumo zake. Si lazima radi ipige kebo. Ikipiga karibu tu, mshtuko wake hupita humo na kuua ruta, televisheni na kila kilichoungwa. Njia ya salama kabisa ni kutumia waya wa faiba kwa kipande hicho, maana kioo hakipitishi umeme, na kila mwisho ukaweka kigeuzi kidogo cha kurudisha kwenye kebo. Hasa kama banda lina mita yake ya umeme kwa sababu ya mpangaji, usisite kuchagua kioo. Asiyeweza gharama hiyo, basi afukie kebo ya nje ardhini ndani ya bomba, na kila upande aweke kinga ya mshtuko iliyoungwa vizuri na waya wa ardhi. Kinga isiyo na waya wa ardhi ni mapambo.

Kuhusu kufunga vichwa vya kebo, kijana wa kidato cha nne aliye makini aweza kujifunza kwa asubuhi moja. Mpangilio unaotumika sana ni huu, kutoka kushoto, kichwa kikiwa na kishikio chake chini: nyeupe na chungwa, chungwa, nyeupe na kijani, bluu, nyeupe na bluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia. Pande zote mbili ziwe sawa. Asifumue msokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, na asizivute nyaya kama kamba ya kisima. Mkono wa kijana huyo aliyekuwa akikaa kizingitini utaifanya kazi hii kwa uangalifu kuliko wa fundi mwenye haraka.

Nyaya zikishafika, imebaki kuvipanga vifaa, na hapa kanuni ni kwamba nyumba iwe na mkuu mmoja. Ruta ya sebuleni peke yake ndiyo igawe anwani kwa simu na kompyuta zote. Vifaa vingine vyote viwekwe katika hali ya kituo, si hali ya ruta. Neno hilo utaliona katika mipangilio yake. Vikiwa wakuu wawili, simu zitapata intaneti lakini mashine ya kuchapa iliyo sebuleni haitaonekana uani, na michezo na simu za video zitasumbua bila sababu ya wazi. Vituo vyote vipewe jina moja la mtandao na neno moja la siri. Katika gigahezi 2.4 kila kimoja kipewe chaneli yake: 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Nguvu ya kurusha isiwekwe juu kabisa, hata kama mkono unawasha. Simu ndiyo inayoamua ihame lini kutoka kituo kimoja kwenda kingine, nayo ni mvivu. Kituo cha sebuleni kikipiga kelele nyingi, simu itaking'ang'ania mpaka uani, kama mtoto aliyeshika kanga ya mama.

Jihadhari pia usiunganishe swichi zako kwa kebo mbili zinazorudi pale pale ukidhani unaongeza nguvu. Nasema swichi ya mtandao, si ile ya taa. Ujumbe utazunguka humo bila mwisho na nyumba nzima itasimama. Baadhi ya seti za meshi hujua kulizuia jambo hili. Swichi ya kawaida ya bei nafuu haijui.

Umeme wetu tunaujua. Kuna kiwango kilichopitishwa mwaka 2003 kinachowezesha kebo hiyo hiyo ya mtandao kubeba umeme wa kukilisha kituo, hadi wati 15.4 kwenye chanzo. Kwa hiyo kituo cha koridoni hakihitaji soketi karibu yake. Swichi ya sebuleni hukilisha. Faida yake kubwa huonekana taa zinapozimika: betri moja iliyowekwa sebuleni, ikiilisha ruta, kile kifaa cha faiba na swichi, huviweka hai pamoja na vituo vinavyolishwa kwa kebo. Banda likiungwa kwa kioo haliingii katika faida hii, kwani kioo hakibebi umeme. Litahitaji betri yake ndogo.

Neno la siri liwe refu, chini ya ulinzi wa WPA2 au WPA3, na lile la kuingilia mipangilio ya ruta, ambalo mara nyingi limebandikwa chini yake tangu kiwandani, libadilishwe siku ya kwanza. Mpangaji na wageni wafunguliwe mtandao wao wa pembeni. Si kwa kuwadhania vibaya. Simu zao zina maradhi yao kama zetu zilivyo na yetu.

Kwa walio katika nyumba za kupanga, kutoboa ukuta wa mtu si haki yenu, wala hamna sababu ya kumwachia mwenye nyumba kebo mliyoinunua kwa jasho. Ipo mifereji myembamba ya plastiki ya kubandika juu ya ukingo wa sakafu, na zipo kebo bapa zinazopita chini ya mlango. Mnapohama, mnakunja na kuondoka nayo. Lakini zungumzeni na mwenye nyumba kwanza. Wapo ambao wakielezwa kwamba kebo itaongeza thamani ya chumba hukubali kuchangia. Vile vifaa vya kupitisha mtandao ndani ya nyaya za umeme wa nyumba hufaa mara nyingine na mara nyingine havifai, kwa kutegemea namna nyumba ilivyotandazwa nyaya. Nunua tu pale unaporuhusiwa kurudisha.

Na lieleweke jambo moja, ili lawama isimwangukie mtu asiyestahili. Kebo za ndani ya nyumba haziponyi maradhi ya nje. Mwezi Mei mwaka 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania na katika nchi jirani, na hakuna kituo cha koridoni ambacho kingeweza kusaidia. Ukitaka kujua ugonjwa uko wapi, unga kompyuta moja kwa moja kwenye ruta kwa kebo na pima kasi hapo. Ikiwa ndogo, mpigie mtoa huduma. Ikiwa sawa na unayoilipia, ugonjwa ni wa kwako, uko kati ya ruta na chumba.

Siku fundi anapomaliza, usimlipe salio kwa kuona vijiti vya simu vimejaa, kwa sababu tumeshaona jinsi vijiti vinavyodanganya. Nenda naye mpaka chumba cha mwisho cha uani, mlango umefungwa, na pima kasi hapo. Iwe karibu na ile ya sebuleni. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha mawimbi kwa tarakimu: hasi 67 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri kwa simu za video, hasi 80 ni shida. Kisha tazama kwenye swichi kama kila kebo imeshika kasi ya 1000. Ikiwa imeshika 100 tu, yawezekana kifaa cha upande wa pili ni cha zamani, lakini mara nyingi ni kiwaya kimoja kati ya vile nane hakikubanwa vizuri, maana kasi ya 100 hutumia jozi mbili na ile ya 1000 huzihitaji zote nne. Kichwa kikatwe, kifungwe kingine, kipimwe tena. Kila kebo iandikwe jina la chumba chake katika miisho yote miwili, kwa kalamu isiyofutika, na ule mchoro wa penseli ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la sebuleni. Yote hayo yakiwa tayari, mlipe fundi siku ile ile, kamili.